Sura ya Nne, Mbele ya Mama

Nimeupakata mswada kama mtoto wa kuazima.
Mama anabangua korosho barazani, Newala,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Kusoma hajui. Masikio yake, husema mwenyewe,
hayajawahi kukopeshwa.
"Haya, soma."

Nasoma: usiku wanavuka Ruvuma,
mwezi umejificha, mamba wametulia...

Jiwe linasimama hewani.
"Nani alivuka usiku?
Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la kupasua kichwa,
maji ya kiunoni. Na baba yako hakubeba furushi la nguo.
Alibeba kichwa cha cherehani.
Miguu yake ilibaki Mueda.
Andika hivyo."

Naandika pembeni kwa penseli:
kichwa, bila miguu.

Naruka kurasa, nafika kwenye mapokezi.
Wenyeji wakatupokea kwa nderemo.
Anacheka mpaka anakohoa.
"Nderemo! Walitupa ming'oko, hilo ni kweli, Mungu awalipe.
Kisima wakatuonyesha kwa kidole.
Ndoo yetu ilikuwa ya mwisho
hata siku tulizolala palepale kwenye foleni."

Karani wa kijiji aliuliza: Kabila?
Baba akajibu: Mmakonde.
Karani, chale zilezile mashavuni, akainua kalamu:
Mmakonde wa wapi?

Hiyo nimeiandika vizuri. Mama anaguna tu,
na mguno wake mimi huuhesabu kuwa sifa.

"Na Bondia?"
Nanyamaza.
Asubuhi ya kwanza Baba alimwamkia mwenyekiti
kwa Kireno alichopigiwa viboko kwenye mashamba ya pamba:
bom dia, akavua kofia.
Watoto wakasikia walichosikia.
Tangu siku ile mpaka tunamzika
mtu yule mwembamba, asiyewahi kumchapa hata mbuzi,
aliitwa Bondia, na sisi watoto wa Bondia,
na shuleni kila mwenye ngumi alikuja kujaribu.

"Hayumo," nasema. "Niliona haya."
"Mwingize. Yeye alilipenda.
Alisema jina la kuchekwa halitozwi kodi."

Namwingiza. Anaingia pembeni mwa ukurasa,
amevua kofia.

"Sasa rudi pale mtoni."
Narudi.
Mama akalia ukingoni, akiwashika wanawe sita,
na wa saba, mimi, tumboni.

Hapigi jiwe. Hasemi.
Jirani anamfokea kuku. Pikipiki inapita na magunia.
"Sikulia," anasema. "Nilikuwa nahesabu."
Kisha, kama mtu anayetaja bei:
"Na hawakuwa sita."

Miaka yote hii nimejaza fomu: wa saba kuzaliwa.
Shuleni, kanisani, kitambulisho cha taifa.
Nimeandika kurasa mia tatu na kumi
juu ya nyumba niliyodhani naijua hadi uvunguni.

"Saba waliingia majini. Wewe ni wa nane.
Ng'ambo hii nikahesabu, sita.
Nikahesabu tena kuanzia mdogo, labda nimekosea.
Baba yako akatua kichwa cha cherehani mchangani
akarudi majini mpaka shingoni.
Ile cherehani haikushona tena sawasawa. Mchanga.
Watu walidhani ni fundi mbaya."

Nauliza jina lake, kwa sauti ndogo
ambayo sikuitumia tangu utotoni.

Anapuliza ganda, anachambua punje:
nzima kwenye ungo, za kuuza,
iliyovunjika anaitia mdomoni.
"Si lipo kwenye jalada?"

Nalifunika jalada kwa kiganja.
Juu kabisa, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe:
Bibiana.

Nataka kuandika. Ncha ya penseli imekatika.
Mama anafuta kisu kwenye kanga,
anakigeuza, ananipa upande wa mpini.

"Chonga," anasema. "Bado hatujavuka."